Sensa ya Oili na Jicho la Mama Mkwe

Taa ilianza kuniwakia kwenye mteremko wa kutoka Kachibora, nyuma nimebeba magunia ya viazi, na tangu siku hiyo sikupata amani. Ilikuwa taa ndogo ya rangi ya machungwa, umbo la kibirika chenye tone mdomoni, pale kwenye dashibodi karibu na kipimo cha mafuta. Nilisimamisha pikapu kando ya barabara, nikafungua boneti, nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili, nikakipangusa kwa mkono wa shati, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imejaa vizuri. Nikawasha injini, taa ikatulia. Nilipofika kwenye tuta la kwanza ikawaka tena.

Mtu mwingine angeipuuza. Mimi siwezi. Mimi ni yule mtu anayefunga mlango, akafika barabarani, akarudi kuuangalia. Mke wangu husema hata nikilala miguu yangu inaendelea kutembea. Kwa hiyo kila taa ilipowaka nilisimama, na kwa kuwa ilikuwa inawaka ovyo ovyo, safari ya kutoka Kachibora hadi Kitale ikageuka kazi ya kutwa. Wateja wangu sokoni walizoea kuniona nikifika nimechelewa, mikono ya shati ina madoa meusi, uso umekunjamana. Mama mmoja muuza vitunguu aliniuliza kama siku hizi nabeba viazi au nachimba oili. Sikucheka.

Mafundi walikubaliana kuhusu ugonjwa wenyewe. Ni sensa, walisema, kile kifaa kinachokaa chini ya injini ndani ya sampu, yaani lile bakuli la oili, kikipeleka habari kwenye dashibodi kwamba oili ipo au imepungua. Sensa yangu ilikuwa imechoka na sasa ilikuwa inasema uongo. Walipofika kwenye dawa ndipo kila mtu akaja na yake. Mmoja aliniambia, "Tukate tu hiyo waya, boss. Itanyamaza kabisa." Mwingine alitaka kupaka taa rangi ya kucha, nyeusi, ili nisiione. Nilikaribia kukubali. Lakini najijua. Ningeendesha gari usiku na mchana nikijiuliza kama taa ingekuwa imewaka, na hiyo ingekuwa mbaya kuliko kuiona ikiwaka.

Hivyo niliendelea kusimama na kuchomoa kijiti, mpaka habari za jicho zilipofika.

Mama mkwe wangu anaishi Myanga, upande wa Bungoma. Jicho lake la kushoto lilikufa kitambo. Hilo la kulia lilikuwa limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho, akawa anamimina chai nje ya kikombe na kusalimia nguo zilizoanikwa. Daktari aliyempima alisema jicho hilo bado linaokoka, mradi lifanyiwe upasuaji mapema. Kulikuwa na madaktari wa macho ambao hupita hospitali moja ya Kitale kwa msimu, na msimu huo ulikuwa unaisha Jumamosi. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Alitakiwa awe pale kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi apewe mwingine. Akikosa, angengoja mpaka warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Jicho lenyewe halikuwa na mpango wa kungoja.

Hapa lazima nieleze jambo, maana asiyetoka kwetu ataona sisi ni wehu. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si uadui, ni heshima, na kadiri unavyompenda mkeo ndivyo unavyomkwepa mama yake. Nimeoa miaka mingi, nina watoto wa sekondari, na katika muda wote huo yule mama hakuwahi kunielekezea hata neno moja. Nikifika Myanga yeye hutokea mlango wa nyuma. Chakula huletwa na watoto. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia kwenye mahindi na kujifanya anatafuta kitu. Kama ningeulizwa sura yake ningeshindwa kuieleza. Nilijua mgongo wake, mwendo wake, na leso alizojifunga. Wako vijana siku hizi wanaokaa na mama wakwe sebuleni wakitazama mpira, lakini yeye ni wa mtindo wa zamani, na mimi kwa kweli nilikuwa nimeuzoea ule umbali. Ulinifaa. Mtu wa wasiwasi kama mimi hapungukiwi na chochote akiondolewa mtu mmoja wa kumwogopa.

Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye gari dogo pale nyumbani, alikuwa kazini mbali. Matatu zilijadiliwa zikakataliwa: mama hutapika ndani ya matatu, na angebadilisha gari njiani huku haoni anakokanyaga. Simu ikapita kwa huyu na yule, kila mmoja akieleza kwa nini yeye hawezi. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kochi, simu sikioni, anafuta machozi kwa kiganja ili watoto wasione. Nikajikuta nimesema, "Nitamleta mimi."

 Upande wa pili wa simu shangazi mmoja wa mke wangu akauliza, "Ati atamleta? Atakaa wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Pikapu yangu ina kiti kimoja kirefu cha mbele, na nyuma ni mahali pa viazi. Kumpakia mama wa jicho bovu nyuma, kwenye vumbi na upepo, hilo halikuwezekana. Kumkalisha mbele na mimi, hilo lilikuwa haliwezekani zaidi. Mke wangu ndiye aliyetatua. Yeye angekaa katikati, gia iwe kati ya magoti yake, mama akae dirishani, na kati ya hao wawili kuning'inizwe leso kama pazia. Shangazi alifikiri kidogo akasema haya, ni hospitali, Mungu ataelewa.

Lakini mke wangu alikuwa na sharti lake. "Mamangu hapandi gari yenye hiyo taa," aliniambia. "Wewe ukiona hiyo taa unakuwa mwenda wazimu. Utatusimamisha kila mahali. Tengeneza kwanza."

Ndivyo nilivyojikuta Ijumaa asubuhi kwa fundi mmoja karibu na msikiti, mjini Kitale. Ni mtu mpole, ana kofia iliyogeuka rangi kwa grisi, na hana haraka na kitu chochote duniani. Mimi nilikuwa na haraka ya watu wote wa mtaa ule. Nilikuwa nimeshanunua sensa mpya kwenye duka la vipuri, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki, nikawa naizungusha mkononi kama tasbihi. Alilala kwenye katoni chini ya gari, akafungua nati ya sampu, oili nyeusi ikamwagika kwenye beseni. Niliinama kuangalia. Nikasimama. Nikazunguka gari. Nikainama tena.

"Umeitoa?"

"Boss, wewe enda ukunywe chai."

"Nimekunywa."

"Kunywa ingine."

Alichomoa waya kwenye soketi, akalegeza boti, zile skrubu nene zilizoshika sensa, akaivuta taratibu. Ilitoka imefunikwa na matope ya oili, na ncha yake imeliwa na joto. Akaniwekea kiganjani. Kitu kidogo kama kidole gumba, na kilikuwa kimenitesa vile. Nilitaka kukitupa kwenye mtaro, ila fundi alikitaka kwanza apimie boti.

Hapo ndipo adhana iliposikika. Fundi akatoka chini ya gari, akanawa mikono kwa sabuni ya unga na vumbi la mbao, akabadilisha shati, akaniambia anakwenda kuswali Ijumaa na atarudi. Pikapu ikabaki tumbo wazi. Mtaa mzima ulifunga. Hata yule kijana wa chapati aliondoka. Nilitembea kutoka kwenye gari mpaka kona na kurudi, kutoka kwenye gari mpaka kona na kurudi, nikimwona mama mkwe amekaa Myanga na kifurushi chake magotini, akimngoja mkwe mwenye pikapu iliyotobolewa. Nikawaza pia yale ambayo ukoo wake wangesema. Hawakuwahi kunipa sifa nyingi.

Aliporudi, tukagundua jambo jipya. Sensa mpya ilikuja bila ule mpira wa duara unaoziba pale inapoingia, na ule wa zamani ulikuwa umekauka ukakatika vipande. Tulizunguka naye duka kwa duka. Huu mkubwa, huu mdogo, huu wa lori. Mwishowe fundi akasema atatumia silikoni, ule utomvu wa kwenye tyubu ambao mafundi wetu huuzibia kila kitu kinachovuja. Akasafisha pale mahali kwa petroli, akapaka, akaingiza sensa, akafunga boti.

"Sasa hii inataka kulala," alisema. "Ikauke. Oili tuweke kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi niko Myanga."

"Ikiwekewa oili kama haijakauka itafungua mdomo."

"Kesho asubuhi niko Myanga," nikarudia, na sauti yangu ikapanda mpaka watu wakageuka. Nilimweleza habari za jicho. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama jua, akasema basi tungoje mpaka jioni, tuombe Mungu. Jioni alimimina oili kidogo kidogo huku mimi nikiwa ndani, ufunguo umewashwa. Mwanzoni taa iliwaka. Alipoendelea kumimina ikazimika yenyewe, kama inavyotakiwa. Akaja dirishani akipangusa mikono. "Sasa hiyo taa haikudanganyi tena. Ikiwaka, ujue ni kweli. Uende pole pole, na uiangalie." Kumwambia mtu kama mimi aangalie taa ni kumwambia samaki aogelee.

Tuliondoka na mke wangu alfajiri, na Myanga tukafika jua likiwa bado la chini. Niliegesha mbali na nyumba, nikaenda nyuma ya pikapu kukagua tairi ambazo hazikuwa na shida. Nilisikia hatua, nikasikia mke wangu akisema, "Inua mguu, mayi, hapo," jinsi tunavyowaita mama zetu. Mlango ukafungwa. Nilipoingia, leso ilikuwa imebanwa juu kwa pini na kushuka mpaka kwenye kiti, ya njano na nyeusi, nami nikawa na nusu ya gari. Kioo cha kushoto sikukiona kabisa. Ilibidi mke wangu achungulie nyuma ya leso na kunisomea barabara kwa upande huo.

Kutoka kule ng'ambo ikaja sauti, taratibu, "Mwambie mwenye gali aende pole."

"Unaambiwa uende pole," mke wangu akaniambia.

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mayi."

Tulikuwa karibu kiasi kwamba nikikunja kona bega la mke wangu lilimsukuma mama, lakini maneno yalipita kwa mkalimani. Pale Bungoma mjini aliuliza, kupitia kwa bintiye, kama tumefika mbali. Pale Kanduyi aliniombea, kupitia kwa bintiye, macho mazuri barabarani. Mimi nilikuwa na macho mahali pengine. Taa haikuwa imewaka. Kwa muda wote ule ilinikera kwa kuwaka, sasa ikanikera kwa kutowaka. Labda imekufa. Labda waya umechomoka. Tulipopita Webuye nilitamani sana kusimama nichungulie chini, nikaona aibu. Ningesema nini? Mama angejua kwamba mkwe amemtoa nyumbani kwa gari asiloliamini. Nikaendelea, shingo imekaza, kila baada ya kona nikiiangalia taa.

"Si uangalie barabara, bana," mke wangu akanong'ona.

Pale Misikhu mke wangu alitaka kushuka. Mama alikuwa hajameza dawa yake ya presha, na dawa haikumezeka tumbo likiwa tupu. Niliegesha karibu na soko. Sikuzima injini, kwa sababu stata yangu siku hizo ilikuwa na mambo yake na sikutaka kusukumwa siku kama ile. Mke wangu akateremka upande wangu, maana hakutaka kumsumbua mama, akaenda kutafuta ndizi na maji. Na mimi nilikuwa nimeshashuka. Haikuwezekana nibaki ndani na mama mkwe, sisi wawili, hata kwa pazia. Nikaenda kusimama kando ya barabara, nimeligeuzia gari mgongo, nikawatazama watu wakipakia mahindi kwenye lori kana kwamba nilikuwa nimekodiwa kuyahesabu.

Mke wangu alikawia. Nilimwona akichagua ndizi, akizirudisha, akichagua zingine. Nilitazama saa, nikatazama jua. Nilikuwa natafuna ndani ya shavu langu mpaka nikasikia ladha ya damu. Kiminini bado, Kitale bado, foleni ya mjini bado.

Nyuma yangu honi ikalia.

"Ngoja bana!" nikapayuka bila kugeuka. "Kwani barabara ni ya babako?"

Ikalia tena, ndefu, ya mtu aliyeegemeza mkono mzima. Nikageuka nimekunja ngumi. Lori halikuwepo. Ilikuwa pikapu yangu mwenyewe. Leso ilikuwa imeng'oka pini upande mmoja, na kupitia kioo cha mbele niliona mkono mwembamba umeshika usukani.

"Mwanangu!" sauti ikaita. "Mwanangu, gali inaungua!"

Nilisimama pale kama mti. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tena, na nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine, maana tangu mama yangu alipofariki hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo. Kisha nikaona moshi wa buluu ukitoka chini ya boneti, nikakimbia. Nilipitisha mkono dirishani kuzima ufunguo, nikagusa vidole vyake. Kwenye dashibodi kibirika cha rangi ya machungwa kilikuwa kinawaka, kimetulia, kinasema kweli.

Injini iliponyamaza tulibaki hivyo, mimi nje natazama tairi, yeye ndani anatazama magoti yake.

"Nimesikia harufu tangu Webuye," alisema. Aliniambia mimi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa. "Nikasema nikimwambia mtoto gali ya bwanake inanuka, nitakuwa nimekutusi."

"Mama, na mimi nilitaka kusimama tangu hapo Webuye. Nikaona haya."

Nilisikia akivuta pumzi, kisha nikasikia kitu nilichodhani ni kikohozi, na kumbe alikuwa anacheka. Na mimi nikaanza kucheka, kwa hofu zaidi kuliko furaha.

Niliingia chini ya gari na spana. Silikoni ilikuwa imesukumwa nje, imening'inia kama dawa ya meno, na oili ilikuwa inadondoka kutoka kwenye sensa na kuangukia ekzosi, lile bomba la moshi, iliyokuwa ya moto. Boti moja ilikuwa imelegea. Niliikaza nikaunguza kifundo cha mkono, nikatukana, nikakumbuka ni nani aliye juu yangu, nikaomba radhi kwa sauti. Nilihitaji kitambaa cha kupangusia na cha kufungia. Kabla sijaomba, leso ikashushwa kwenye ubavu wa gari, imeshapasuliwa ukanda kwa meno. "Funga na hii," akasema. Nikapangusa, nikapaka sabuni ya kipande niliyoitoa kwenye boksi la vyombo, nikazungusha ule ukanda na kuufunga fundo.

Mke wangu alirudi na ndizi akakuta miguu yangu iko nje ya gari, na mama yake amechungulia dirishani akiniuliza kama pamekaza.

"Mnaongea?" alisema.

"Leta oili kwa hiyo duka," mama akamwambia. "Wacha maswali."

Stata ilikubali kwa mara ya tatu, tukaondoka Misikhu bila pazia. Nilijaribu kutazama mbele tu, na yeye akageuza uso upande wa dirisha, ila mambo yalikuwa yamebadilika na sote tulijua. Sabuni na kitambaa vilipunguza uvujaji, havikuuzuia. Nilijua nitapaswa kusimama na kuongeza, na nilijua kila kusimama kunatuibia muda. Nikaanza tena kutazama taa, barabara, taa, barabara, mpaka nikakaribia kumgonga mtu wa bodaboda pale Kamukuywa.

"Wewe endesha," mama akasema. "Hiyo taa nitaangalia mimi."

"Mayi, utaionaje?" mke wangu akauliza.

"Ikiwaka naona kama kaa la moto. Hiyo tu ndio naona."

Basi akainama mbele kidogo, akaikazia dashibodi yangu lile jicho lake moja lililofunikwa, na hakulitoa hapo. Mimi nikashika usukani kwa mikono miwili. Sijui kama nimewahi kuendesha vile tangu nijifunze, natazama barabara tu, kichwa kimenyamaza. Baada ya muda akasema, "Imewaka." Nikasimama, nikaongeza oili, nikaondoka. Tulipopita Kiminini akasema tena, "Imewaka." Hakukosea. Mke wangu alikaa katikati yetu amekumbatia mfuko wa ndizi, akimtazama huyu na kumtazama yule, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na la kutafsiri.

Pale hospitali tulikuta mhudumu ameshaanza kuita majina ya waliochelewa. Tulimshika mama huku na huku tukapanda ngazi. Ndiyo, na mimi nilimshika. Hakukuwa na wakati wa kutafuta mwingine. Jina lake liliitwa tukiwa mlangoni, akaitika mwenyewe kwa sauti ya mtu anayejibu shuleni. Mlango ulipofungwa nyuma yake nikakaa kwenye sakafu ya ukumbi, oili mpaka kwenye viwiko. Mlinzi alitaka kuniondoa. Mke wangu akamwambia, "Mwache. Ameleta mamake."

Alitolewa bandeji kesho yake. Mimi sikuwepo chumbani. Shangazi alikuwa ameshapata habari zote za Misikhu kwa simu, akaagiza kwamba tukirudi Myanga kuna kuku wa kuchinjwa kwa ule mwiko tuliouvunja, mambo yawekwe sawa, na mpaka hapo kila mtu akae kwenye nafasi yake. Nilikaa nje kwa fundi. Alikuwa ameupata mpira unaoingia, akafungua sensa, akakwangua silikoni na sabuni, akauvua ule ukanda wa leso na kuutazama. "Nani amefunga hii?" akauliza. Nilimwambia ni mimi, na mama mkwe. Akarudia kuutazama, akanirudishia, nikautia mfukoni.

Siku ya kumrudisha, mke wangu aliweka leso nyingine, mpya, ya samawati. Aliibana vizuri kwa pini nyingi. Mama alipanda nikiwa nyuma ya gari nikikagua tairi. Tukaondoka. Maneno yakaanza tena kupita kwa mkalimani: mwambie aende pole, unaambiwa uende pole, mwambie nimesikia. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimedhani nitafurahi kurudishiwa ule umbali wangu.

Baada ya Webuye mke wangu alilala. Alikuwa amekesha hospitalini, kichwa kikamwangukia begani mwangu. Taa ilikuwa imezimika, na sensa ilikuwa nzima, na mimi nilikuwa naitazama hata hivyo, kwa mazoea.

"Imewaka?" leso ikauliza.

"Haijawaka, mama."

Kidole kikashika ukingo wa leso na kuusogeza. Nilijua anatazama dashibodi. Nilikaza macho barabarani kama inavyopaswa. Lakini kidole hakikushuka, na nikahisi lile jicho jipya likihama kutoka kwenye taa, likapanda kwenye mikono yangu, bega langu, likakaa kwenye upande wa kichwa changu. Mara ya mwisho aliyoniona vizuri ilikuwa siku nilipoletwa kwao kama mchumba, kijana mwembamba wa shati la kuazima.

"Kumbe ulishaota mvi, mwanangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akashusha leso.